Umri wa Giza

Jiwe lilipotua juu ya kilima, nguzo zote zilizokizunguka ziliacha kuvuma kwa mpigo mmoja, na Nyamizi Kasubi akajua kwamba wiki tatu za kazi yake zimekwenda na maji.

Alitoka mbio kwenye hema la mitambo, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Upepo wa ziwa la chumvi ulimpiga usoni na vumbi lake jeupe. Mbele yake kilikuwepo kilima, rundo refu la mawe meusi katikati ya uwanda usio na hata kichaka, na juu yake alisimama mwanamke wa rika lake, mtoto mgongoni, akipangusa viganja kwa utulivu wa mtu aliyemaliza kukanda unga.

"Wewe! Shuka hapo! Hujaiona kamba?"

"Nimeiona," alijibu mwanamke. "Nimeiruka."

"Unajua umefanya nini?"

"Nimeweka jiwe la kaka yangu. Wewe je, unajua umefanya nini? Midude yako inavuma mpaka meno yanauma. Mtoto amelia njia nzima."

Alishuka bila haraka, akichagua pa kukanyaga bila kuangalia, kama mtu anayeshuka ngazi za nyumba alimozaliwa. Alipofika chini alisimama karibu kuliko Nyamizi alivyotaka, akamtazama kiatu cha mguuni, kisha kile cha mkononi.

"Naitwa Amsi. Huyu anaitwa Gidamu, kuanzia sasa hivi. Mpaka asubuhi ya leo alikuwa anaitwa Huyu."

"Huyu nani?"

"Huyu, basi. Baba yake alifia kwenye lori njia ya Singida kabla yeye hajazaliwa. Kwetu jina la marehemu halimshukii mtoto mpaka jiwe lake likae hapa. Nimekuwa shangazi wa Huyu. Kunywa uji, Huyu. Acha kula mchanga, Huyu. Mbona unanitolea macho? Na wewe huna ndugu aliyekufa?"

Nyamizi alivaa kiatu cha pili ili apate la kufanya. Nyuma ya bega la Amsi, ng'ambo ya uwanda, minara ya gesi ilisimama kwa safu. Kila alipoinua macho ilionekana kuwa karibu zaidi, ingawa alijua minara haitembei. Chini ya ziwa hili kulikuwa na heliamu, na hospitali na viwanda vya nusu ya dunia viliingoja. Kitu pekee kilichosimama mbele ya kampuni ya gesi kilikuwa hiki kilima, na kitu pekee kilichosimama mbele ya kilima kilikuwa yeye.

"Ninakilinda," alisema. "Ninakilinda kilima chenu. Mkinitupia jiwe moja tu, naanza upya."

"Hatukutupii wewe," Amsi alisema, akamfunga mtoto vizuri, akaondoka.

*

Ganzi, kinga ambayo Nyamizi alikuja kuifunga juu ya kilima, haikuwa ukuta wala kioo. Ilikuwa hali. Nguzo zilikisikiliza kitu, punje kwa punje, mpaka zikajua kila kipande kimekaaje, kisha zikakishika hivyo hivyo. Kilichoshikwa hakikuchakaa. Mchwa hawakukila, mvua haikukiosha, kutu haikukijua. Magazeti yaliandika kwamba ganzi husimamisha wakati, na Nyamizi, aliyekuwa mmoja wa waliolibuni jambo lenyewe, aliacha zamani kubishana nayo. Yeye husema ni kama mguu uliolaliwa, ila hauamki.

Sharti la nguzo lilikuwa moja: wakati zinasikiliza, kitu kitulie. Sheria ya Urithi nayo ilikuwa na sharti lake: kitu kiwe kimekwisha. Hekalu ambalo hakuna anayesali ndani yake. Gofu lisilo na mwenyewe. Kaburi la watu wa kale ambalo hakuna aliye hai anayezika hapo. Ukifunga ganzi juu ya kitu ambacho watu bado wanakitumia, umewanyang'anya. Kwa hiyo kabla ya kufunga, Baraza la Urithi lilimuuliza mhandisi swali moja, naye alilijibu kwa kinywa chake mbele ya watu, si kwa mashine: Je, kimekwisha?

Nyamizi alikuwa amelijibu mara nyingi, na kila mara alisema kimekwisha. Mara moja tu jibu lile lilimkereketa baadaye. Walifunga pango moja la michoro ya kale, na wakati nguzo zinashika, mjusi aliruka kutoka jiwe moja kwenda jingine. Hakufika. Mpaka leo ananing'inia hewani, miguu imetanuliwa, jicho limeng'aa. Watoto wa shule wanaletwa kwa mabasi, na wote hukimbilia mjusi. Michoro hawaitazami.

Sasa ilibidi nguzo zilijue jiwe jipya, na ili kuokoa muda aliamua kuzisaidia kwa kipimagiza. Kilikuwa chombo kidogo chenye unywele wa kioo, anaoupenyeza chini ya jiwe bila kulisogeza. Jiwe lililolalia tumbo hukusanya giza. Chembe zake hujaa taratibu, mwaka hadi mwaka, na likipinduliwa jua hulifuta lote kwa dakika chache. Ukiupima ule ujazo, unajua jiwe limelala muda gani bila kuonwa na jua. Wenyewe huuita umri wa giza.

Jiwe la kaka yake Amsi lilionyesha karibu na sifuri. La chini yake, miaka michache. La chini yake, miaka zaidi. Nyamizi alishuka na unywele wake kutoka juu hadi kwenye kina cha kilima, akingojea ufike ule ufa anaoukuta kila mahali, pale ambapo watu wa kale waliishia na wapita njia wa siku hizi wakaanzia. Ufa haukuwepo. Miaka mia. Mia mbili. Elfu. Elfu mbili. Kila kizazi kilikuwa na mawe yake, hakuna kilichokosa, mpaka jiwe la chini kabisa, lililokuwa limelala gizani kwa zaidi ya miaka elfu nne.

Kilima kilikuwa hakijawahi kukwisha.

Alikaa chini. Kisha akasimama. Kisha akausukuma unywele hatua moja zaidi, akapima udongo ulio chini ya jiwe lile la kwanza.

Udongo ulisema miaka mia tisa.

*

"Chombo kina vumbi, binti yangu," alisema Dakta Chuwa, mkuu wake, sura yake ikitetemeka hewani juu ya meza ya hema. "Kisafishe."

"Nimekisafisha. Nimekibadilisha. Nimetumia kile cha akiba. Dakta, mawe yana miaka elfu nne gizani, na udongo wa chini yake uliona jua miaka mia tisa iliyopita. Ukuta umeutangulia msingi."

"Haiwezekani."

"Ndiyo ninayokwambia."

"Na mifupa?"

"Hakuna. Hata kipande."

"Chumvi imeila. Sikiliza, Nyamizi. Udongo haumo kwenye sheria. Hayo mawe ya juu nayo yaite mawe ya wapita njia, kila mahali yapo. Baraza linakuja kesho mchana. Watu wa gesi watakuwepo, na mwanasheria wao ameninukia vibaya tangu mwanzo. Ukisema hakijakwisha, kile si urithi wa kale tena, ni makaburi ya kawaida. Na makaburi ya kawaida yanahamishwa, unalijua hilo. Kiangazi kimoja, fidia, buldoza. Miaka elfu nne, mama! Kwa ajili ya usahihi wa kinywa chako?"

"Sijasema nitasema."

"Basi usiseme." Sura ikazimika.

Nyamizi alizunguka hema. Alimimina chai, akaisahau. Alitoka, akarudi. Mwishowe, akimtafuta Amsi, alifuata alama za matairi ya pikipiki kwenye chumvi mpaka zikamfikisha penye makazi.

*

Amsi alikuwa fundi wa pikipiki za umeme. Karakana yake ilikuwa paa la mabati na miti minne, na chini yake pikipiki mbili zilizopasuliwa kama mbuzi wa sikukuu. Gidamu alikuwa ameketi ndani ya tairi akitafuna mpira wa breki.

"Injinia amevaa viatu vyote viwili leo," Amsi alisema bila kuinua kichwa. "Kuna jambo."

"Kilima kilitoka wapi?"

Spana ilisimama. "Kwani hamkujua?"

"Hatukujua nini?"

"Kilikuja. Kilikuwa upande wa jua linakochomoza. Ziwa likapanda, likawafukuza wazee wetu, wakakibeba. Kabla ya hapo kilikuwa kwingine, na kabla ya hapo sijui, muulize mama, ila mama ukimuuliza ukae na chakula cha siku mbili." Alifuta mikono kwenye gauni. "Mlidhani kimeota hapo kama uyoga?"

"Mawe yale hayajaona jua kwa miaka elfu nne. Mngeyabeba yangeliona."

Amsi alicheka, kicheko cha kweli, mpaka mtoto naye akacheka bila kujua sababu. "Jiwe linabebwa ndani ya ngozi, dada. Limefunikwa, tumbo chini, kama linavyolala. Wanafungua ubavu wa kilima chini ya turubai, linaanza jiwe la kwanza kabisa, mengine yanafuata. Anayelifunua jiwe tumbo anatozwa ng'ombe na anachekwa mpaka kwa wajukuu. Mifupa hatuibebi. Mifupa inalala ilipolala. Kaka yangu kazikwa Singida. Hapa kuna jiwe lake."

Nyamizi aliketi juu ya tairi lingine. Vyombo vyake havikukosea hata kimoja. Kosa lilikuwa la watu wenye diploma na digrii waliokitazama kitu kinachotembea, wakakikuta kimepumzika, wakakiita mahali.

Alimweleza Amsi yote, kwa maneno mafupi, kwa sababu aliona kuficha kungekuwa wizi. "Nikisema kimekwisha, ganzi inafungwa, gesi haikigusi, hata mimi nikifa na wewe ukifa na minara ikiota kutu, kilima kitabaki vilevile. Lakini hakuna atakayeweka jiwe tena. Nikisema hakijakwisha, mnapewa kiangazi hiki kukiondoa. Mkishindwa, buldoza."

"Basi tutakiondoa," Amsi alisema papo hapo.

"Nani?"

"Sisi."

"Nyie wangapi, Amsi?"

Amsi alitazama uani. Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda, magoti yamefungwa vitambaa vya dawa. Nyumba tatu za jirani zilikuwa na makufuli. Vijana wa ukoo walikuwa Singida, Arusha, wengine huko huko kwenye minara ya gesi, wakivaa kofia za njano.

"Waliokibeba walikuwa na punda na watu," Nyamizi alisema. "Wewe una pikipiki mbili mbovu."

"Moja mbovu. Hii nyingine inapumzika."

"Siyo utani."

"Najua siyo utani! Unadhani sijui kuhesabu watu wangu?" Amsi aliitupa spana, ikagonga bati, mtoto akashtuka. "Haya, niambie na mimi. Huko kwenye pango la mjusi, ambako mlifunga. Wenyeji wa pale wako wapi?"

Nyamizi aliiokota spana. "Wanauza soda. Nje ya kamba."

"Na mama yangu unataka auze nini? Maji au fanta?"

"Mimi nataka kibaki."

"Kibaki kwa nani?" Amsi alimchukua mtoto kutoka kwenye tairi, akamtoa mpira kinywani. "Mama akifa, jiwe lake nitalipeleka wapi? Mimi nikifa? Mjukuu wake huyu atazaa kina Huyu watupu? Bora kianguke njiani tunakibeba, kuliko kikae kinatutazama, sisi tumekodoa macho nje kama mbuzi waliofungiwa."

"Unasema hivyo leo. Buldoza likija utanilaani."

"Nitakulaani, ndiyo," Amsi alisema. "Lakini nitakulaani nikiwa nimebeba kitu."

*

Baraza lilikuja kama linavyokuja siku hizi, kwa sura tu. Wazee saba wa hewani walijipanga juu ya chumvi bila vivuli, tai zao zikiwa zimetulia katika upepo uliokuwa ukiwapeperusha wengine wote. Mwanasheria wa gesi alikuja na mwili wake, maskini, akitokwa jasho chini ya mwavuli. Alikuwa mtu mpole. Alimpa Nyamizi chupa ya maji kabla hajaombwa.

Nyuma ya kamba walisimama Amsi, mtoto, mama mtu juu ya kigoda chake, na watu wachache ambao Nyamizi alijizuia kuwahesabu.

Nguzo zilikuwa zikivuma tena. Zilikuwa zimeshalijua jiwe jipya. Kilichobaki kilikuwa neno moja.

Dakta Chuwa alinong'ona sikioni mwake, kwenye kisikilizi kidogo: "Neno moja, binti. Moja tu, kisha nenda kalale. Hujalala, nakuona."

Mwenyekiti wa Baraza alisoma jina la mahali, mipaka yake, vipimo vya nguzo. Nyamizi hakusikia. Alikuwa akitazama mawe. Alikuwa ameyapenda, hilo ndilo hakumwambia Amsi. Wiki tatu alikuwa akiyazunguka kama mtu anayezunguka nyumba ya mpenzi. Alijua lipi lina mkwaruzo, lipi mjusi hulalia asubuhi. Angeweza kuyahifadhi. Si kwa maneno ya mikutano. Kweli kabisa, mpaka mwisho wa dunia, yasipotee hata punje. Nani aliyewahi kupewa uwezo huo na kitu anachokipenda? Na nani angeuacha, awakabidhi mama mwenye magoti mabovu na fundi wa pikipiki, halafu asimame pembeni kuona kama watafika?

"Mhandisi Kasubi," alisema Mwenyekiti. "Kwa elimu yako na kwa kinywa chako: je, kilima hiki kimekwisha?"

Akilini alimwona yule mjusi wa pangoni, jicho lake linalong'aa, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kwa dhati kama lilikuwa linaona.

"Hakijakwisha," alisema.

Sikioni mwake Dakta Chuwa aliita jina lake, mara moja, polepole, kama mtu anayeita aliyekwisha zama.

"Rudia, tafadhali."

"Hakijakwisha. Mawe yanaongezwa tangu miaka elfu nne iliyopita, hakuna kizazi kilichoruka. Hata hapa si mahali pake pa kwanza. Wenyewe wapo, wale pale. Muda wa kuwauliza mlikuwa nao."

Sura za Baraza zilizimika moja baada ya nyingine. Nguzo zikanyamaza, na ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mtoto Gidamu alianza kulia. Mtu pekee aliyekuja kumpa mkono Nyamizi alikuwa mwanasheria wa gesi. "Umekuwa mkweli," alisema, na alimaanisha, na hilo lilikuwa baya kuliko kama angemcheka.

Amsi hakuja. Alibaki nyuma ya kamba, midomo imebanwa. Nyamizi ilibidi amfuate mwenyewe.

"Mbona umekaa hivyo? Ndivyo ulivyotaka."

"Nilidhani utadanganya," Amsi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine. "Nilikuwa nimejiandaa kukuchukia. Hilo ningeliweza." Akakitazama kilima toka chini mpaka juu, kama mtu aliyewekewa ng'ombe mzima mezani na kuambiwa ale. "Mungu wangu. Ni kikubwa."

*

Walifungua ubavu wa kilima chini ya maturubai yaliyoshonwa pamoja, wakichimba kwa zamu ndani ya joto na giza. Wawili wa kofia za njano waliacha kazi za gesi wakaja. Wengine walituma salamu. Dakta Chuwa hakutuma chochote, na nafasi ya Nyamizi ilishapewa mtu mwingine, jambo ambalo alilisikia kwa redio akiwa ameshika sururu.

Siku walipolifikia jiwe la chini kabisa, mama yake Amsi alitandika ngozi yenye mafuta, wanaume wakalifunga humo kwa kupapasa, kisha mama akasema neno kwa lugha yao na wote wakamgeukia Nyamizi.

"Nini?" aliuliza.

"Pinda mgongo," alisema Amsi.

"Mimi? Mimi si wa kwenu."

"Hatukuuliza wa kwetu ni nani. Aliyesema tuondoke ndiye anayebeba la kwanza. Ulisema wewe, tena mbele ya watu. Ungenyamaza, lingebebwa na mwingine."

Lilikuwa zito kama mtoto mkubwa aliyelala, na baridi yake ilipenya ngozi na shati mpaka uti wa mgongo. Baridi ya miaka elfu nne. Walimfunga kamba kifuani, wakamtoa nje kwenye mwanga mkali, na mbele yake hapakuwa na chochote ila uwanda.

"Twende wapi?"

Walikuwa wamejipanga nyuma yake, wachache, mikono mitupu, wakingoja.

"Amsi. Mnakipeleka wapi?"

"Utakapolitua, ndipo. Kilima kinajengwa juu ya la kwanza."

"Lakini mimi siijui nchi hii!"

"Basi utembee mpaka uijue."

Alianza kutembea. Chumvi ilivunjika chini ya miguu yake kama vigae. Aliipa minara mgongo, lakini kila alikoelekea alikuta vigingi vya rangi ya machungwa, alama za visima ambavyo bado havijachimbwa, na akavipita. Mkono mmoja ulikuwa umekufa. Alisimama, akapinda zaidi, kamba zikamkata mabega, na ardhi ilionekana nzuri ghafla, tambarare, karibu, ardhi ya kutosha kabisa kwa mtu aliyechoka.

Nyuma yake hatua zote zilisimama. Hakuna aliyemhimiza, hakuna aliyemsaidia. Alisikia pumzi zao.

"Ni hapa?" Amsi aliuliza, bila kejeli, kwa sauti ya mtu aliye tayari kukubali.

Nyamizi alitazama chini. Aliona kigingi kingine, hatua chache mbele, kitambaa chake cha rangi kikipepea.

"Bado," alisema, akalipandisha jiwe mgongoni, akaenda.